Kikao cha SHA Jumapili hii, saa tisa alasiri

Assalam aleikum na habari za jioni, mafundi wenzangu wa Kongowea.

Jumapili tukutane dukani kwa mweka hazina. Ajenda ni moja tu: bima ya afya ya serikali, SHA. Bado kuna wanaoniuliza habari za NHIF, bima ile ya zamani, na ilishaondoka Oktoba 2024!

Sisi tusio na mwajiri hulipa 2.75% ya mapato ya nyumba, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kazi ipo hapa: hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwenda juu, na cherehani haitoi pesa hivyo. Napendekeza kila mmoja aweke 100 kila wiki kwa mweka hazina. Wa kiwango cha chini atamaliza kwa wiki 36. Mwenye wazo bora alilete.

Kabla ya kikao:

1. Jisajili kwa *147#. Ukishajisajili, hata kabla ya kulipa, zahanati ya serikali inakutibu bure. Mchango ndio wa kulazwa na hospitali kubwa.
2. Maswali ya nyumba yako na maisha yako yajibu kwa ukweli, ndiyo yanayopanga kiasi chako.
3. Njoo na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mkikwama kwenye simu msihangaike, tutasaidiana hapo hapo.

Tafadhali jibu NAJA au SIJI kabla ya Ijumaa saa mbili usiku, nijue kaimati za kuagiza.