Tiba ya saratani ya tezi dume iwafikie pia waliochelewa

Mhariri,

Kila inapofanyika kampeni ya saratani ya tezi dume hapa Tanzania, wanaume wa umri wa miaka 50 na kuendelea huhimizwa wakapime, na wito huo nauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao kampeni hizo haziwasemei, nao ni wazee waliofika hospitalini saratani ikiwa imeshasambaa hadi kwenye mifupa.

Tangu daktari Charles Huggins alipoonyesha huko Chicago mwaka 1941 kwamba saratani hii hustawi kwa homoni ya kiume, msingi wa tiba ya wagonjwa hao haujabadilika: homoni hiyo hupunguzwa kwa kuondoa korodani au kwa sindano zinazorudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Asiye na uwezo huchagua upasuaji, na kitabibu hajakosea, kwa kuwa njia zote mbili huishusha homoni. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ina kikomo, kwani baadaye saratani huendelea kukua kwa homoni kidogo inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na hata ndani ya uvimbe wenyewe.

Dawa ya abirateroni huzuia utengenezaji huo. Utafiti wa STAMPEDE wa Uingereza, ambao mwaka 2017 ulitoa matokeo ya wanaume 1,917, ulionyesha kwamba kati ya walioanzishiwa vidonge hivyo pamoja na prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, tangu mwanzo wa tiba, bila kungoja ugonjwa urudi, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, ilhali kwa waliopata tiba ya kawaida ya homoni pekee walikuwa asilimia 76. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, na sasa inatengenezwa na viwanda vingi.

Bei bado ni kikwazo, na hapo ndipo utafiti mwingine, mdogo lakini wenye uzito mkubwa kwetu, unapostahili kuangaliwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 72, ambapo miligramu 250 za abirateroni zilizomezwa na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo zilishusha kiwango cha PSA katika damu, yaani protini ya tezi dume inayopimwa ili kufuatilia saratani hii, sawa na miligramu 1,000 zilizomezwa tumbo likiwa tupu. Robo ya dozi! Utafiti huo haukupima urefu wa maisha, hivyo unahitaji kufuatiwa na mkubwa zaidi, na sioni mahali panapoufaa kuliko hospitali zetu za Ocean Road, Bugando na KCMC, hasa kwa kuwa wanaume wenye asili ya Afrika ni wachache mno katika majaribio ya dawa hizi, ingawa ugonjwa huu huwaandama zaidi.

Naiomba Wizara ya Afya na Bohari ya Dawa ziueleze umma abirateroni inapatikana katika hospitali zipi za rufaa, kwa bei gani, na bima inagharamia kiasi gani. Naomba pia hospitali za wilaya ziandaliwe kufuatilia shinikizo la damu, potasiamu na hali ya ini kwa wanaoitumia, ili mzee wa kijijini asilazimike kusafiri hadi jijini kwa ajili ya vipimo hivyo.

Msomaji wako,
Mwanza