Zebaki haipimwi kwa kidude kinacholia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja inayozunguka vijiweni hapa Kirumba, Mwanza, kwamba Jiji linunue "kile kidude kinacholia" ili kipime zebaki, ile sumu ya wachenjuaji dhahabu, kwenye samaki wa soko la Mwaloni. Nia ni njema, ila kifaa sicho.

Kinacholia ni kaunta ya Geiger, yaani kipima mionzi. Ndani mna mrija wenye gesi na volti kubwa. Chembe ya mionzi ikipenya, umeme unaruka kidogo na unasikia "tik". Zebaki ya wachenjuaji dhahabu haina mionzi. Isogeze kaunta kwenye chupa nzima ya zebaki, italia kama inavyolia ikiwa peke yake mezani.

Zebaki inasakwa kwa mwanga. Maabara huyeyusha kipande cha mnofu kwa asidi, zebaki iliyomo inageuzwa mvuke, kisha mvuke unamulikwa kwa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi nanomita 253.7. Atomi za zebaki hunyonya mwanga huo huo, hivyo kadiri unaofika upande wa pili unavyopungua ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Kwa macho au kwa kuonja hutaambulia kitu, hata uwe mvuvi wa miaka mingapi.

Ulaya ilipofungia samaki wetu wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa ajili ya uvuvi wa sumu, tulijifunza haraka kupima minofu ya kwenda nje. Je, sangara wa sokoni anayeishia sufuriani kwetu? Sisemi ana sumu. Nasema zebaki hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, na sangara ndiye bingwa wa ulafi ziwani; apimwe yeye kabla ya dagaa.

Kaunta ya Geiger nayo ina mahali pake: kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa iliuzwa kama chuma chakavu. Watu wakashikashika unga wa sizi-137 (cesium), kitu chenye mionzi mikali, kwa sababu uling'aa rangi ya buluu, wanne walikufa. Vijana wetu wanaosukuma mikokoteni hununua chochote chenye uzito.

Kwa hiyo, Mhariri, wahusika watenge fedha za sampuli za sangara wa soko la ndani, majibu yabandikwe Mwaloni kwa Kiswahili, na kila mwenye yadi ya vyuma awe na kaunta getini.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza