Kuhusu Sato, Ngege na Hesabu ya Kromosomu

Morogoro

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote wa Mwanza. Umeniuliza kama kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, kutakuwezesha kumtenga sato halisi (Oreochromis niloticus) na chotara wake na ngege (Oreochromis esculentus) kabla hujamfanya mzazi bwawani. Swali ni zuri, lakini jibu lake halitakufurahisha.

Sato ana kromosomu 44, na ndugu zake wa jenasi ya Oreochromis kwa kawaida wana idadi hiyo hiyo. Hata furu wengi, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wana 44. Ukizichukua seli za figo, ukazisimamisha kwa dawa ya kolkisini zikiwa katikati ya kugawanyika, kisha ukazitandaza kwenye kioo na kuzipaka rangi ya Giemsa, utaona jozi moja kubwa kuliko zote, na nyingine ndogo zinazofanana mno. Wataalamu hueleza kwamba mababu walikuwa na 48, baadhi zikaungana. Kwa Tilapia mariae wa Afrika Magharibi muungano uliendelea hadi zikabaki 40, na huyo hesabu ingemfichua mara moja. Lakini chotara wa sato na ngege, hesabu haimfichui.

Tofauti kubwa imejificha katika kromosomu za jinsia, na hapo ndipo ninapoona utamu wa jambo lenyewe. Jike la sato ni XX, yaani lina mbili zinazofanana, na dume ni XY, yaani lina mbili tofauti, kama sisi binadamu. Kwa perege wa aina ya hornorum mpango umegeuka, jike ni ZW na dume ni ZZ. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Hickling alieleza kwamba huko Malacca, katika Malaysia ya leo, majike ya Oreochromis mossambicus, ambao nao ni XX, yalipopandishwa na madume ya hornorum yaliyotoka Zanzibar, vifaranga wote walikuwa madume. Wafugaji wamelitamani jambo hilo tangu hapo, kwa kuwa bwawa la madume watupu halijazi vifaranga visivyokua. Hata hivyo, mzazi asiye safi huvuruga matokeo, na joto kali la maji laweza kumgeuza jike wa XX akawa dume, bila kromosomu zake kubadilika.

Kwa hiyo fedha ya darubini iweke kwanza. Kata kipande kidogo cha pezi la kila mzazi, kihifadhi katika kichupa cha spiriti chenye namba ya mzazi huyo, ukipeleke maabara inayopima DNA. Na hadi majibu yatoke, wazazi wenye shaka wakae bwawa lao peke yao.

Wako akupendaye.