Klorini sawa, ila vipimo viko wapi?
Mhariri, mi niko Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, maji ya bomba kwetu siku zingine yananuka klorini, ile ya kuua vijidudu, mpaka chai hainyweki, na majirani washaanza kusema bora ya ziwani, jamani hapana, kipindupindu hakina mzaha. Ila klorini ikikutana na mabaki ya majani na mwani (na ziwa letu linavyogeuka kijani!) inazaa kemikali zinaitwa trihalomethani, klorofomu ikiwemo, ukizinywa miaka mingi zinahusishwa na saratani ya kibofu. Marekani mwisho wa trihalomethani zote kwenye maji ya bomba ni mikrogramu 80 kwa lita. Suluhisho sio kupunguza klorini, maji yachujwe vizuri kabla ya kutiwa klorini. Na vipimo vya kemikali hizo kwenye maji yetu vibandikwe hata pale kwenye kioski cha maji, tusome wenyewe.