Ua la Usambara limejaa madirishani Ulaya, lakini kwao linaadimika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie ua dogo ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekuwa miongoni mwa maua yanayopendwa mno katika nyumba za nchi za baridi, ilhali asili yake ni misitu ya milima ya Tanga na Morogoro, pamoja na sehemu chache za Taita na Kilifi nchini Kenya. Wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia, nao Wajerumani, ambao ninaishi miongoni mwao katika mji wa Hannover, hadi leo hulitaja kwa jina la milima yetu ya Usambara. Ninaandika kwa sababu naona kwamba wingi wa ua hili madirishani umewafanya watu wadhani liko salama, na kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili, tulio nyumbani na tulio ughaibuni, hatujalijua kiasi cha kulidai na kulitetea.

Habari zake za kufika Ulaya zinajulikana vizuri. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, na mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor, yule anayekumbukwa Mombasa kwa kuhifadhi mashairi na methali za Waswahili, walipeleka vielelezo vilivyokaushwa katika bustani ya Kew karibu na London, lakini havikutosha kuutambulisha mmea. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, ambaye naye alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha kuwafundisha wenzake Kiswahili, aliupeleka kwa baba yake huko Ujerumani, na baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen hapa Hannover. Wendland aliuelezea na kuupa jina la kitaalamu mwaka 1893. Mwaka huohuo ulionyeshwa katika maonyesho ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya mji wa Erfurt ikaanza kuusambaza. Katika miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua miche kumi iliyo bora, na kutokana na hiyo yakazaliwa maelfu ya aina zinazouzwa leo, za zambarau, nyeupe, waridi, zenye petali nyingi na zenye kingo za mawimbi. Wapenzi wake nchini Marekani waliunda chama chao mwaka 1946, na chama hicho kipo hadi sasa.

Jambo linalonistaajabisha zaidi ni sababu ya mmea wa nchi ya joto kukubali kuishi mahali ambapo jua la Desemba huonekana kwa muda usiofika saa nane, na nje maji huganda. Wengi hudhani wafugaji wa mimea wa Ulaya ndio walioufundisha kuvumilia. Ukweli ni kwamba sifa zote ulizaliwa nazo msituni. Saintpaulia huota chini kabisa ya miti mirefu, juu ya miamba yenye kuvu na kandokando ya vijito, mahali ambapo jua kali halifiki, na kwa hiyo mwanga hafifu wa dirisha la mashariki unautosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mizizi yake ni mifupi, imezoea kushikilia tabaka jembamba la mboji katika nyufa za mawe, na ndiyo maana unaridhika na chungu kidogo ambacho mmea mwingine ungekisonga. Hewa ya Usambara katika kimo cha mita mia tisa hivi si ya joto la Dar es Salaam. Kwa muda mwingi iko kati ya nyuzi 18 na 25 za Selsiasi, na hicho ndicho kiwango cha joto ambacho watu wa Ulaya hupenda sebuleni mwao wakati wa baridi. Kwa maneno mengine, pindi nyumba za huku zilipoanza kupashwa joto usiku na mchana, kila sebule ilifanana kidogo na kivuli cha msitu wa Amani, ulio Usambara ya Mashariki. Mimea mingine mingi ya kwetu haikupata bahati hiyo, kwa kuwa inadai jua la wazi, nalo jua ndilo ambalo pesa za mafuta na umeme haziwezi kulileta kikamilifu.

Kwa sababu hiyo anayetaka kuutunza vizuri hana budi kuufikiria msitu kabla ya kufikiria kalenda. Maji ya bombani ya majira ya baridi yakimwagwa juu ya jani lenye joto la chumba, chembe za ndani ya jani hufa na madoa meupe au ya njano hubaki hapo daima. Basi maji yawekwe chumbani hadi yapate joto sawa na hewa, kisha yamiminwe katika kisahani chini ya chungu, mmea unywe kwa dakika ishirini au thelathini, na yanayobaki yamwagwe, kwa sababu mizizi iliyozoea mwamba unaochuja haiwezi kukaa ndani ya dimbwi. Mabomba ya kupashia joto hukausha hewa kupita kiasi, kwa hiyo ni vizuri kuweka chungu juu ya sinia yenye kokoto na maji kidogo, bila kitako cha chungu kugusa maji. Usiku wa Januari majani yasiguse kioo cha dirisha. Kuanzia Novemba hadi Februari, anayetaka maua huongeza taa kwa saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, na asisahau kuwa mmea unahitaji pia saa kama nane za giza. Taa za umeme katika vyumba vya chini ya nyumba ndizo zilizoufanya ukaenea kwa kasi Marekani. Udongo uwe mwepesi, wa mboji iliyochanganywa na perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mawe, wala si udongo mzito wa bustanini.

Kuuzalisha ni rahisi kuliko mmea wowote ninaoujua. Hukatwa jani moja lililokomaa pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita mbili au tatu, likasimamishwa katika mchanganyiko wenye unyevu na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki usiobana. Baada ya miezi miwili hivi, miche midogo huchomoza chini ya kikonyo, na kila mche hutengwa katika chungu chake. Jani moja lililosafiri katika bahasha ya barua lilitosha kuanzisha mmea katika mji mwingine, na kwa njia hiyo majirani, mashangazi na wake wa wachungaji waliueneza Ulaya na Marekani nzima bila kumlipa mtu yeyote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ua lenye sifa hizi halikupata nafasi katika nyumba za pwani yetu, na jibu ninaloliamini ni kwamba sisi tunapenda ua kwa pua kabla ya jicho. Asumini, mkadi, kilua, waridi na mrehani huingia katika kikuba, hufukiza chumba cha bibi harusi na kutunga koja, lakini Saintpaulia haina harufu. Naipenda asumini kama Mswahili yeyote, ila kwa wasomaji wenzangu walioko Stockholm, Toronto au Hannover niseme wazi kwamba asumini ni mmea wa jua, hupukutisha majani pindi mwanga unapopungua na hutoa maua kwa shida mahali penye giza la miezi mitano. Iwekwe dirisha la kusini, ipunguziwe maji katika majira ya baridi, na ipelekwe nje katikati ya Mei. Wajerumani wana desturi nzuri ya kungoja zipite zile siku za Mei wanazoziita za Watakatifu wa Barafu ndipo watoe mimea ya nchi za joto, kwa kuwa jalidi ya usiku mmoja huua kazi ya mwaka. Hata ule mmea wa Impatiens, ambao asili yake ni ukanda wa kuanzia Kenya hadi Msumbiji na ambao hupamba makaburi na bustani za huku kila kiangazi, hufa jalidi ya kwanza ya vuli inapoanguka na kupandwa upya mwaka unaofuata. Kati ya mimea hii mitatu, Saintpaulia peke yake hukaa ndani mwaka mzima na kuchanua hata theluji ikiwa inaanguka.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika orodha za wauza mimea wa Ulaya na Marekani nimekuta majina ya Amani, Magunga, Tongwe na Shume, yaani vijiji, mashamba na milima ya Muheza, Korogwe na Lushoto, yakiwa yamegeuzwa kuwa majina ya Kilatini. Hayakuwekwa kwa mapambo. Aina ya Shume, ambayo ni ndogo mno, ilitumika kuzalisha zile Saintpaulia za vyungu vidogo vinavyowekwa juu ya meza za ofisi. Ile ya Usambara ya Mashariki iitwayo grotei, yenye mashina yanayotambaa, ndiyo iliyozaa aina zinazoning'inia katika vikapu. Wataalamu wamepunguza idadi ya spishi za Saintpaulia, na mwaka 2015 waliiunganisha na jenasi ya Streptocarpus, yaani kundi la mimea iliyo ndugu zake, lakini tofauti za mmea kutoka bonde moja hadi jingine zipo palepale, na nyingi kati ya hizo huota katika eneo dogo sana, mara nyingine katika miamba ya korongo moja tu. Aina ya Kilifi imebaki katika vijisehemu vya miamba ya chokaa, na ile ya Taita inategemea msitu wa Mbololo.

Mmea wa namna hii hauhitaji kung'olewa ili upotee. Ukiondoa miti iliyo juu yake, jua litafanya kazi hiyo katika msimu mmoja wa kiangazi. Usambara ya Mashariki ilipoteza msitu kwa mashamba ya chai, kwa upasuaji wa mbao, kwa kilimo cha iliki ambacho hupunguza miti ya kivuli na kufyeka ya chini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa wachimbaji wa dhahabu waliovuruga vijito. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye zaidi ya hekta 8,000, imeokoa sehemu kubwa, nami nawashukuru kwa dhati wanaoilinda. Hata hivyo makorongo mengi yenye mmea huu yako nje ya mipaka yake, katika ardhi ya vijiji, na mwanakijiji anayeambiwa asikate miti ana haki ya kuuliza atapata nini.

Hapo ndipo naona dhuluma ya zamani ambayo bado haijapata jibu. Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai ulianza kutumika mwaka 1993, na Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi yenye mmea ipate sehemu ya faida, ilianza mwaka 2014. Lakini mbegu za Tanga zilikuwa zimeondoka mwaka 1892, na sheria hizo hazirudi nyuma kiasi hicho. Kwa hiyo kampuni zinazouza mimea hii kila mwaka hazidaiwi chochote kisheria na watu wa Muheza au Lushoto. Naamini zinadaiwa kwa haki, na kwamba vyama vya wapenzi wa ua hili, ambavyo vina watu waungwana na wenye upendo wa kweli, vingeitikia kama vingeombwa na sisi wenyewe, kwa mpango unaoeleweka, badala ya kungoja watafiti wa kigeni watusemee.

Mpango huo unaweza kuanzia nyumbani. Naiomba Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ifikirie kuanzisha kitalu katika lango la Amani, chini ya usimamizi wa vijiji jirani, ambapo Saintpaulia zitakuzwa kwa majani yaliyokatwa kwa kibali kutoka kwa mimea mama michache, na kuuzwa kwa wageni na kwa Watanzania, ili mapato yarudi kwa wale wanaouacha msitu usimame. Kwa kuwa jani moja huzaa miche kadhaa, hakuna sababu ya mtu yeyote kung'oa mmea wa porini, na kitendo hicho kipigwe marufuku waziwazi. Wenye vitalu vya Lushoto, Arusha, Mbeya, Iringa na Limuru wana hali ya hewa inayoufaa, na shule za miji hiyo zingeweza kuukuza darasani. Dar es Salaam, Tanga mjini na Mombasa kuna joto linalozuia aina za dukani zisichanue, isipokuwa katika chumba chenye hewa baridi.

Nawe, Mhariri, nakuomba umtume mwandishi wako Amani wakati wa mvua za masika, apige picha ya ua hili likiwa juu ya jiwe lake, lenye petali tano za zambarau na chavulio mbili za njano, awahoji wazee wa vijiji vya jirani wanalitambuaje, na awaulize wahusika wa hifadhi kama ombi la kitalu linatekelezeka na lingegharimu kiasi gani. Mkichapisha majibu hayo, mimi nitayatafsiri kwa Kijerumani na kuyafikisha kwa vyama vya wakulima wa maua vya huku.

Wako katika kuwatumikia wasomaji,

Mzaliwa wa Muheza, mkazi wa Hannover, Ujerumani