Riwaya ya kijasusi ya Mombasa isiipite Allidina Visram

Mhariri,

Twasikia huku barazani kuna mwandishi wetu mmoja yuko mbioni kutoa riwaya ya kijasusi, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kisa chenyewe ni hapa hapa Mombasa. Mie nimefurahi wallahi, ila nina ombi kabla kitabu hakijachapwa maanake kikishatoka tutabaki kulalamika tu.

Ombi lenyewe: asituletee tena mzungu wa suti nyeupe na wiski yake, msichana wa buibui anampelekea barua, halafu bastola zinalia Fort Jesus. Hayo tushachoka nayo. Majasusi wa kweli wa Mombasa mwaka 1942 hawakukimbizana na mtu vichochoroni, walikuwa wamekaa darasani Allidina Visram, ndio, shule hino hino tunayopita kila siku. Wajapani walipoipiga Colombo, kule Sri Lanka, kwa ndege mwezi wa Aprili, Waingereza wakahamishia manowari zao bandarini Kilindini pamoja na wale watu wao wa kufumbua jumbe za siri za adui, shule ikachukuliwa, wakaanza kusikiliza redio za Wajapani kutoka upande wa pili wa bahari. Na mawimbi yalikuwa hafifu, shida tupu, sasa hebu fikiria mtu yuko na joto la Mombasa, jasho lamtiririka, anaandika tarakimu ambazo nusu hazisikii vizuri na makosa yake yaweza kuzamisha meli.

Halafu Septemba Wajapani wenyewe wakateleza. Wakafanya kosa moja kwenye mawasiliano ya siri ya meli zao za mizigo, na wafumbuzi wawili wa Kiingereza, MacInnes na Townend, pale shuleni wakalidaka, kufika Novemba wakawa wanasoma kila ujumbe wa aina ile, na za nyuma zote pia. Sasa hapo mwandishi ataka bastola ya nini?

Lakini la mie hasa ni watu wetu. Kuli wa Kilindini alijua meli gani imepakia nini na imelala maji kiasi gani kabla afisa hajamaliza chai yake, na makuli hao si watu wa kudanganywa, 1939 walishagoma mji ukatikisika. Mtu kama huyo ndiye angefaa kuwa shujaa, au ndiye msaliti, sijui, hiyo kazi ya mwandishi. Akimfanya boi wa kufungua mlango tu mie kitabu nakirudisha dukani.

Na asiishie 1943 wafumbuzi hao walipofungasha kurudi Colombo. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini na askari wa Afrika Mashariki, ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, na wengine walikuwa manesi. Vijana wetu kwa mamia wamelala chini ya bahari ile na hapa mjini ukiwauliza kumi hajui hata mmoja.

Jengine dogo, wazee wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, wasiongee kama taarifa ya habari ya saa moja. Na kitabu kiletwe maduka ya huku pia, tusiambiwe tena tuagize Nairobi na nauli ya basi juu.

Mpenzi wa riwaya,
Kibokoni, Mombasa