Shangazi, nimlaze punda wa babangu au nimwache afe kwa siku yake?

Asalaam aleikum Shangazi,

Nakuandikia kutoka Lamu. Najua barua nyingi unazopokea ni za waume, wake na mawifi, na huenda ukacheka ukiona yangu ni ya punda. Cheka, kisha unisaidie, maana hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Punda mwenyewe anaitwa Kaskazi. Marehemu babangu alimnunua mwaka 1996, msimu wa upepo huo, na ndiyo asili ya jina. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Aliyemuuza aliapa kuwa ana miaka miwili, lakini wauza punda ni kama wauza samaki: kila samaki kavuliwa leo asubuhi. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 30 ameipita.

Kwa msomaji asiyeijua Lamu, vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari. Mawe ya matumbawe, mchanga, chokaa, boriti, saruji, vyote hushushwa gatini vikapanda mjini juu ya mgongo wa punda. Naweza kukutembeza kutoka Mkomani hadi Langoni nikikuonyesha: ukuta huu ni wa Kaskazi, ghorofa ile ni ya Kaskazi. Tangu mji wetu uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wageni wanakuja kuzipiga picha nyumba na kuwasifu mafundi. Aliyebeba mawe sijasikia akitajwa. Karo yetu ililipwa na yeye. Usiku mamangu aliposhikwa na uchungu wa kitinda mimba wetu, baba alimtandikia Kaskazi godoro, akampandisha mama, wakaenda hospitali gizani hatua kwa hatua. Mama husema hakuyumba hata mara moja, kana kwamba alijua amebeba nini.

Mimi pia nilimpanda, kwenye mashindano ya punda wakati wa Maulidi. Nilianguka mbele ya umma wote uliojipanga ufukoni. Yeye akaendelea na mbio peke yake mpaka mwisho, akasimama pale akaangalia nyuma. Hadi leo kuna wazee wakiniona huuliza, "Punda kafika, mpandaji yuwapi?"

Nilimpumzisha kazi miaka saba iliyopita. Watu walinisema. Punda asiyebeba, wa nini? Hasa sasa ambapo bodaboda zimeongezeka kisiwani na kazi ya punda imepungua. Lakini baba, siku zake za mwisho, aliniambia neno moja tu juu ya mali yake: "Kaskazi usimuuze." Basi nikawa nanunua pumba kila wiki kwa mnyama asiyeniingizia hata shilingi, na sikujuta.

Shida ni hali yake. Magego karibu yote yamekwisha. Majani huyatafuna kisha akayatema mabonge mabonge, kama mtu aliyemaliza tambuu. Nikawa namlowekea pumba ziwe uji, na kwa mwaka mzima uji huo ulimweka. Sasa ni viungo vya miguu ya mbele. Siku nyingi akilala hawezi kuinuka mwenyewe. Mara tatu mwezi huu mikono yangu haikutosha, tukamwinua mimi na majirani, kamba imepita chini ya tumbo, wanaume wanne, na yeye anatetemeka. Pale mgongoni penye nywele nyeupe, palipopona madonda ya zamani ya shogi, ule mfuko wa mizigo wa punda, ngozi imeanza kuchubuka tena kwa kulalia.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alimfungua kinywa, akampapasa miguu, akaniambia polepole kwamba punda huficha maumivu. Ukiona anaonyesha, ujue ameyabeba muda mrefu. Akaniambia pia kuwa punda akigoma kula kabisa, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini likaharibika kwa siku chache, na kifo hicho si cha kumtakia mtu unayempenda. (Alisema "mtu". Sikumsahihisha.) Shauri lake ni sindano: anachomwa, analala, haamki.

Nikaingia ndani nikawaambia jamaa zangu. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto.

Kakangu anasema tumuuze. Kuna dalali kutoka bara anayezunguka akiwauliza watu kama wana punda wazee, na bei anayotaja si ya punda wa kubeba mchanga. Kila mtu anajua wanakoishia. Machinjio ya punda yalianza humu Kenya mwaka 2016, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa. Mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku, mambo yakaenda mahakamani, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Lakini dalali bado anapita. Kaskazi apandishwe mashua, kisha lori, miguu ile ikiwa hivyo, akafie asikokujua? Hili sikuulizi. Nimeshamjibu kakangu, na hatusemezani.

Wapo wanaonishauri nimfungulie tu azurure, kama wafanyavyo wengi. Nimewaona hao wanaofunguliwa. Wanakula takataka, wanameza plastiki, tumbo linawakaza wanafia kichochoroni. Hapana.

Nilimwendea mwalimu wangu wa madrasa. Alinikumbusha kuwa nyama ya punda wa kufugwa ni haramu tangu siku ya vita vya Khaybar, zama za Mtume, kwa hiyo kumchinja tukamla si suala. Kuhusu sindano alisema wanavyuoni wamehitilafiana, kisha akanisomea hadithi ya kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuua. Nilipodhani amenipa ruhusa, akaniambia nikamwulize na mwingine.

Mwingine ni mamangu, na yeye hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Nilipomaliza kueleza alisema bila kuinua macho, "Na mimi nikichelewa kufa, utanichoma sindano?"

Shangazi, sikuwa na jibu. Mama ana miaka 74. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi, tumemhamishia chumba cha chini, na asubuhi mimi humshika mikono nikamwinua kitandani. Kisha natoka uani kumwinua Kaskazi. Nadhani ameyalinganisha hayo mawili kabla yangu. Nikisema mnyama huyu amechoka, apumzishwe, yeye anasikia nini? Tangu siku hiyo ndiye anayempelekea uji, kwa mkongojo, na akimwona amesimama ananiita nije nione.

Na kweli, ziko asubuhi anasimama. Adhana ya alfajiri ikitoka naye analia, uji anaumaliza, na mimi najiambia, si leo. Jioni amelala tena, jicho linanifuata. Nimeanza kuzihesabu asubuhi njema. Wiki iliyopita zilikuwa mbili. Ninachokiogopa ni kwamba simngojei yeye, najingojea mimi. Dadangu naye, yule aliyezaliwa usiku ule, yuko Mombasa na ananiomba nisifanye lolote hadi apate likizo, baada ya wiki tano. Analia kwenye simu. Sijui kama ni haki kumwambia punda asubiri likizo ya mtu.

Naomba unisaidie haya. Nimweleze vipi mamangu asione kuwa namsema yeye? Je, nifanye akiwa hayupo, akienda kwa dadake Matondoni, au huo utakuwa usaliti atakaonishika nao mpaka kaburini? Dada nimngoje? Na siku yenyewe, nimshike kichwa mimi, au nikimshika kwa mikono inayotetemeka nitamtia hofu?

Jingine dogo. Tuna punda kijana, Chiriku, aliyelala banda moja na Kaskazi miaka tisa. Daktari anasema tukimwondoa mzee bila yule kijana kuuona mwili, atamtafuta na kumwita siku nyingi, na huenda akagoma kula. Tumwache naye kwa muda, amnuse mpaka mwenyewe aondoke. Mimi nimelikubali hilo. Mama aliposikia alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza shimo litachimbwa wapi. Sijui niihesabu hiyo kuwa ruhusa, au alikuwa anauliza tu.

Tafadhali unijibu mapema. Daktari anarudi Jumatano.

Mpandaji aliyeanguka,
Lamu